Falsafa ya Stoa na shamba la Buterere: siku niliyosema "sina neno"

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Mutanga Nord, ungo magotini, nikitoa vijiwe kwenye mchele.

Wakuu, salamu zenu kutoka Bujumbura. Naanzia kwenye ungo huo kwa sababu yote nitakayosimulia yametoka humo. Sitaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana ndugu zangu nao wana simu.

Mchele ule uliletwa na mdogo wangu, Spes. Yeye ndiye anayelima mpunga katika shamba la marehemu baba yetu, kule Buterere, tangu ndoa yake ilipovunjika akarudi nyumbani na watoto wake. Mimi nimeajiriwa: naandika barua na mikataba katika ofisi ya wakala wa forodha, Quartier Asiatique. Nina mshahara, na nyumba ninayokaa ni yangu. Naomba mkumbuke tofauti hiyo mnapoendelea kusoma.

Simu ikalia. Alikuwa Deo, mdogo wangu anayenifuata, na ndiye mtoto wa kiume wa kwanza kwetu.

"Dada, kesho tuko na réunion kwa nyumba ya muzee. Tumeisha kuganduka, sasa tuongee udongo."

Kuganduka ni sherehe ya kumaliza matanga. Ni baada yake tu ndipo familia huketi kuzungumza mali. Kabla ya hapo ni aibu hata kulitaja shamba.

Nikamjibu kwamba nitakuja, nikarudi kwenye ungo wangu, moyo ukiwa shwari kabisa. Na ushwari huo ndio mada ya uzi huu.

Kwa wasioifahamu: Wastoa walikuwa wanafalsafa wa Ugiriki na Roma ya kale, wale ambao siku hizi mtandaoni fundisho lao linaitwa Stoicism. Kwa ufupi wangu mwenyewe, walisema mambo yako pande mbili. Yapo yaliyo mikononi mwako: maamuzi yako, matendo yako, namna unavyoyatazama yanayokupata. Na yapo yasiyo mikononi mwako: mvua, ugonjwa, umeme, mkubwa wako wa kazi, midomo ya watu. Shughulika na yale ya kwanza. Haya ya pili yapokee yanavyokuja.

Nilikutana nayo chuo kikuu, nikaiona ni falsafa ya watu wenye mioyo ya mawe. Niliirudia miaka mingi baadaye, baba alipoanza kuugua na mimi nikawa nagombana na kila muuguzi. Ilinisaidia, hilo silikani. Kila asubuhi kabla ya chai nilijiuliza: leo lipi ni langu, lipi si langu?

Mafuta yalipokosekana mjini, nilitembea kwa miguu hadi kazini bila kumlaani mtu. Umeme ulipokatika katikati ya mkataba ambao sikuwa nimeuhifadhi, niliuandika upya. Ofisini wakanibatiza Madame Ça-va-aller, yaani Bibi Itakuwa-sawa. Mhasibu wetu alizoea kusema, "Uyu mama, hata ofisi ikiungua ataomba sukari ya chai."

Nilicheka nao. Lakini ndani kwa ndani nilikuwa najivunia, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Siku ya kikao tulikuwa watu watano sebuleni kwa baba: mimi, Deo, kitinda mimba wetu Landry, Spes, na Shangazi, dada ya baba, ambaye kwa desturi yetu lazima awepo mali ya kaka yake inapozungumzwa.

Deo alieleza kwamba shamba litagawanywa mafungu mawili: sehemu ya juu yake, sehemu ya chini ya Landry. Alieleza vizuri, bila ukali, na sikushangaa. Kwetu ardhi ya baba huwaendea wana wa kiume. Mmoja akisema vingine, watu humtazama kama mgeni.

Ila lipo jambo linaloitwa igiseke. Kwa Kirundi maana yake ni kikapu. Ndilo jina la kipande ambacho binti hupewa akilime maisha yake yote, bila ruhusa ya kukiuza, ili siku akirudi kwao apate pa kuvuna. Deo hakulitaja.

Shangazi akakohoa kidogo. "Na mabinti je?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Dada, we unasema aje?" Deo akauliza.

Wakuu, nawaambia kilichopita kichwani mwangu wakati ule. Nilifanya zoezi langu kama kawaida. Ardhi: si yangu. Uamuzi wa kaka zangu: si wangu. Desturi: si yangu. Nikatabasamu.

"Mi sina neno," nikasema. "Mugawane kwa amani."

Landry akapiga makofi. "Nilisema! Dada ni mufilozofu. Uyu udongo yeye anaukanyaga tu, ataubeba wapi?"

Tukacheka, na mimi nikacheka. Soda zikafunguliwa. Spes alikuwa ameketi karibu na mlango, akinitazama usoni kama mtu anayengoja sentensi iishe. Ilipodhihirika kwamba imekwisha, aliinuka akaenda kuosha glasi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejipa alama za juu. Nilikuwa nimetendewa vile wanawake wengi wa kwetu hutendewa, na sikutikisika. Nani mwingine darasani angeweza?

Majuma yakapita. Spes hakupiga simu. Mwanzoni sikuona ajabu. Baadaye nikaanza kuona. Ilipokuja mvua kubwa, ile inayojaza mifereji ya Buterere hadi kwenye vizingiti vya nyumba, nilienda mwenyewe kuangalia kama maji hayajaingia kwake.

Pikipiki ilinishusha mahali lami inapoishia. Nikavua viatu nikaendelea kwa miguu. Nyumbani kwake palikuwa salama. Yeye nilimkuta shambani, amezama hadi kwenye mashavu ya miguu, akivunja mabonge ya udongo kwenye jaruba.

"Madame amekuja," akasema bila kusimamisha jembe. "Chunga ayo magauni. Matope ya huku haikusoma."

Nikauliza habari za watoto. Wazima. Nikamuuliza mbona kimya.

"Niseme nini? Deo amenikataza kusia mbegu. Landry ameisha kupata mutu wa kukodi hapa."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mi nataka igiseke yangu. Akanijibu: Dada mukubwa, mwenye kusoma, hakuomba kitu. We unaomba kama nani?"

Nikabaki nimeshika viatu.

"Sasa mbona unalima?"

"Mikono imezoea. Sijaiambia bado."

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na ndilo linaloniumiza kuliko la kwanza. Kwa sauti ile ya upole ninayoitumia ofisini, nilianza kumfariji kwa falsafa. Nilimwambia kwamba ardhi ni kitu cha nje, kwamba hakuna awezaye kumnyang'anya utulivu wa moyo wake asipompa ruhusa. Akaegemea jembe akanisikiliza hadi mwisho. Spes ana adabu.

"Hao watu yako ya zamani," akasema, "walikuwa na shamba?"

"Wengine walikuwa matajiri wakubwa. Mmoja anayesifika sana alikuwa mtumwa."

"Uyo mutumwa alikuwa na mudogo wake mwanamuke?"

"Sijui. Sijawahi kusoma popote."

"Ah. Basi uyo nitamusikiliza siku ingine." Akainua jembe, akalishusha tena. "Dada, mi sikukasirika juu ya kukataa udongo. We uko na mushahara, ukatae tu. Lakini ungesema: mi sitaki, Spes anataka. Maneno ine. Mudomo ulikuwa nao. Ukautumia kucheka."

Nikamsaidia kutupa nje magugu yaliyokuwa yamekusanywa kando ya jaruba, vibaya, naye hakunizuia. Baadaye alicheka miguu yangu, kwamba imekuwa kama ya bata. Hicho ndicho nilichopewa siku ile, na nilikipokea.

Nikiwa njiani kurudi nilipitia kwa Shangazi. Nilitaka kumuuliza jambo moja: kwa nini Spes mwenyewe hakusema lolote kwenye kikao, na Shangazi ndiye aliyekuwa amefungua mlango?

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Angesema aje mbele yako? Kwetu mudogo haombi kabla ya mukubwa. Mukubwa anaomba, mudogo anaomba nyuma yake. Mukubwa akisema hana neno, amefunga kwa wote."

"Shangazi, sikulijua hilo."

"Nilikuuliza mbele ya watu. Ulifikiri nauliza habari?"

"Sikujua."

"Ulikuwa internat, unasoma," akasema, akitaja shule yangu ya bweni. Hakulisema kwa dharau. Alilisema kama mtu anayemtetea mtoto kwa majirani, na hilo lilinichoma zaidi.

Wakuu, tangu hapo nimefikiri sana, na ninataka kuwa mwangalifu nisije nikaitupa falsafa nzima kwa sababu ya mwanafunzi mmoja. Fundisho halikukosea. Nilikosea mimi katika kugawa. Uamuzi wa Deo haukuwa wangu, sawa. Desturi haikuwa yangu, sawa. Lakini neno nililoulizwa, pale, kwa jina langu, lilikuwa langu kuliko kitu kingine chochote chumbani mle, na mimi nililiweka upande mmoja na mvua.

Tena Wastoa hawakuwa na fadhila moja. Walitaja busara, ujasiri, kiasi na haki, wakasema haziachani. Mimi nilikuwa nimejisomea kiasi peke yake, kwa kuwa ndicho kilichonipa sifa ofisini. Haki sikuifungua hata ukurasa. Mtu akinionea mimi na nikavumilia, huo unaweza kuwa uvumilivu. Anapoonewa mwingine nami nikavumilia kwa niaba yake, sijui jina lake, lakini uvumilivu si huo.

Jambo jingine dogo, kwa wale wanaosoma haya wakiwa na kazi nzuri mjini kama mimi: jaribuni kutambua ni lini utulivu wenu ni mafunzo na ni lini ni mshahara tu. Kwangu mimi kulikataa shamba hakukunigharimu kitu. Niliita fadhila jambo ambalo halikuwa na uzito wowote mabegani mwangu.

Nilikaa na hayo hadi nilipopata nguvu ya kuandika barua. Nilichagua barua kwa sababu kwenye simu Deo angenichekesha, na mimi ni mwepesi wa kucheka; mmekwisha kuona. Barua ndiyo kazi yangu, nimewaandikia forodha na mabenki kwa lugha zote za mji huu, lakini hii niliichana mara nyingi. Nakala moja nilimpelekea Shangazi.

Hadi leo hawajajibu. Deo alinipigia akasema, "Barua nimepata. Tutaonana," akakata. Jibu lao haliko mikononi mwangu, na safari hii naweza kulisema hilo bila kujidanganya. Spes amekwisha kusia kitalu chake, bila kungoja mtu.

Basi, wakuu mnaofuata njia hii ya Wastoa, nisahihisheni nilipokosea kuielewa. Mliowahi kukaa kimya mkidhani ni hekima, semeni ilikuwaje na nani aliumia. Na mnaoona kwamba binti hapaswi kuwaandikia kaka zake namna hii, andikeni pia. Nitasoma yote, na nitajitahidi kutotabasamu.

Barua yenyewe niliiandika kwa Kirundi. Hii hapa kwa Kiswahili, kama ilivyo.

*

Deo na Landry, ndugu zangu,

Kwenye kikao Shangazi aliuliza kuhusu mabinti, nami nikajibu kwamba sina neno. Jibu hilo nalirudisha.

Mimi ni binti wa kwanza wa baba yetu. Naomba igiseke changu. Siombi kukimiliki wala kukiuza. Naomba kukilima, kama walivyolima mashangazi zetu kabla yetu. Nipeni kipande cha pembeni, kando ya mfereji, pale maji ya mafuriko yanapoingia kwanza. Sitanung'unika.

Sasa kwa kuwa mkubwa amekwisha kuomba, mdogo wake anaweza kuomba. Spes ataomba jaruba analolilima. Mnalifahamu, kwa maana mchele wake mmeula, kama nilivyoula mimi.

Landry, ulisema kwamba udongo huu sitaubeba. Ni kweli. Wewe pia hutaubeba, wala Deo. Spes peke yake ndiye anayeubeba, kila siku, kwenye miguu yake.

Mkikataa, nitabaki dada yenu, na Jumapili mtakula kwangu kama kawaida. Ila msimwambie tena mtu yeyote kwamba Dada hana neno. Ninalo, na ndilo hili.

Dada yenu.