Ng'ombe Wetu

Dada yangu aliitwa Mama Makopo kwa sababu ya kazi yake. Pale kituo cha kukusanya maziwa, wafugaji wakishamimina, yale makopo makubwa ya bati hubaki na utando unaonuka, na yeye ndiye wa kuingiza mkono mpaka begani asugue kwa maji ya moto. Wengine walimwita hivyo kwa utani, wengine kwa dharau, naye aliwaitikia wote sawasawa. Mimi ni mdogo wake, mshonaji, cherehani yangu iko barazani karibu na kwake. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu, niliyaona.

Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walikuja kulia. Walipomaliza kulia waliondoka na kitanda, kabati, redio na baiskeli. "Vitu vya marehemu," walisema. Sawa, vya marehemu. Dada akabaki na binti yake katika vyumba vya uani, nyuma ya nyumba ya mama mkwe, wanalala kwenye mkeka.

Ng'ombe alikuja baada ya hapo, na hilo naomba lieleweke vizuri. Mfugaji mmoja pale kituoni alifiwa na ng'ombe aliyekuwa ndiyo kwanza amezaa, akataka kumtupa ndama, maana alikuwa anaharisha na hata kichwa hawezi kuinua. Dada akamwomba. Akamsukuma kwenye toroli mpaka nyumbani, akamfunika kwa shuka yake mwenyewe, akamlisha kwa chupa kama mtoto mchanga. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, "Wewe umepata maiti ya kuzika." Loo! Yule maiti alikuja kuwa ng'ombe mweusi, mgongo unang'aa, kiwele mpaka unaona haya kukitazama. Dada akamwita Bibie. Binti alikunywa maziwa ya Bibie, alivaa maziwa ya Bibie, na shule alisomea maziwa hayo hayo.

"Huyu ni wangu," dada aliniambia siku moja tukiwa peke yetu, kwa sauti ya chini kama mtu anayeiba. "Marehemu hakumwona hata kwato."

Sasa, shemeji yetu. Mdogo wake marehemu, fundi redio, tulimwita Mheshimiwa. Cheo hana, ila ana koti moja la suti halivui hata jua likiwaka, na akikusalimia anainua mkono utadhani anahutubia. Bwana huyu tangu Bibie aanze kutoa maziwa alikuwa haishi kupita uani. "Shem, ng'ombe wetu hajambo?" Ng'ombe wetu! Hajawahi kuleta hata jani moja la kumtafunisha. Dada anacheka tu: "Hajambo, shemeji, karibu maziwa." Anakunywa, anajifuta mdomo, anaondoka.

Bwana mifugo ndiye aliyemtia dada moyo ampeleke Bibie kwenye maonyesho ya kilimo. Mheshimiwa akasema lori atatafuta yeye, rafiki yake analo. Tukaenda ukoo mzima: dada, binti, mama mkwe, mimi, na Mheshimiwa mbele karibu na dereva.

Na tulifurahi. Ninachukia kusema hivyo, lakini tulifurahi mno. Kampuni za mbegu zilikuwa zinagawa kofia za bure, mama mkwe akavaa mbili, moja juu ya nyingine, akakataa katakata kuvua. Tukaona boga ambalo watu wanne walikuwa wamelibeba kwa machela, mama mkwe akauliza, "Mgonjwa huyo anapelekwa wapi?" Tulicheka mpaka binti akamwaga soda. Kulikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi, kulikuwa na mizinga ya nyuki, na sungura wakubwa kuliko mbwa wa jirani yetu. Mama mkwe alimshika dada mkono kila mahali. "Mkwe wangu," alikuwa akiwaambia watu asiowajua, "ng'ombe yuko kule bandani." Dada alikuwa kama bibi harusi siku ile. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu afiwe.

Alasiri wakaanza kuwapanga ng'ombe uwanjani. Dada alimtoa Bibie mwenyewe, amempiga brashi, amempaka mafuta mpaka kwenye pembe. Waamuzi wenye makoti meupe wakazunguka, wakashika kiwele, wakatazama meno, wakanong'onezana. Mara tukasikia kwenye kipaza sauti: kombe la ng'ombe wa maziwa linakwenda kwa huyu mweusi. Wee! Mimi nilipiga kelele sauti ikakauka.

Yule mwenye kipaza sauti akamfuata dada. "Hongera, mama. Hebu tuambie, ng'ombe huyu ni wa nani?"

Kwetu sisi, mwanamke hasemi "changu" mbele ya mama mkwe. Ni nyumba yetu, sufuria yetu, hata mtoto uliyemzaa kwa uchungu wako peke yako ni mtoto wetu. Ukisema "wangu" watakuuliza kama uliolewa au ulipanga chumba. Dada alifundwa hivyo na mama yetu, na mimi nilifundwa hivyo hivyo, ila mimi somo halikuniingia. Nilimwona akimtazama mama mkwe, aliyesimama penye kamba na kofia zake mbili, anamtabasamia.

"Ni wetu," akasema. "Ni ng'ombe wetu."

"Wenu na nani, mama?"

Akanyoosha mkono kuelekea tulipokuwa. Hata hajaushusha, Mheshimiwa alikuwa amesharuka kamba. Akapokea kombe, akashika kipaza sauti, akashukuru kwa niaba ya familia, akaeleza habari za lishe bora! Watu wakampigia makofi. Kisha mpiga picha akaja, akamwambia dada, "Mama, sogea kidogo, unamziba mwenye ng'ombe."

Akasogea.

Kwenye lori wakati wa kurudi nilimbana. "Kwa nini usiseme wangu?"

"Mbele ya mama? We vipi?" alinijibu, bado anacheka. "Bibie mwenyewe anamjua mwenyewe."

Wiki haikuisha tukaitwa sebuleni kwa mama mkwe. Mheshimiwa alikuwa amekaa na koti lake, kombe liko juu ya meza, na pembeni yupo mwenyekiti wa mtaa ameshapewa chai. Shemeji akaanza kwa upole kabisa. Ng'ombe huyu ni wa familia, sasa ana jina, uani kwa dada ni padogo, kwake yeye Mheshimiwa kuna nafasi, kwa hiyo wamekubaliana ahamie kwake.

"Mmekubaliana na nani?" nikauliza.

"Wewe ni mgeni hapa," akaniambia. Na kweli, nilikuwa mgeni.

Dada alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, "Lakini ni wangu, mama."

Mama mkwe akamtazama kama amemtukana. "Wako? Tangu lini? Si ulisema kwa kinywa chako ni wetu, na dunia nzima inasikia?"

"Nilikuwepo kule uwanjani," mwenyekiti akadakia. "Nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilisema kwa adabu, mama."

"Kwa hiyo leo adabu imekwisha?"

Hakuna aliyempigia dada kelele, hakuna aliyemsukuma. Angekuwa amesukumwa, mimi ningejua la kufanya. Jioni Mheshimiwa akaja na kamba mpya. Binti akang'ang'ania shingo ya Bibie analia, na Mheshimiwa akamshika bega. "Mwanangu, unalia nini? Si anakwenda kwa baba yako mdogo?"

Tangu hapo maziwa tunayaona yakipita barabarani kwa wateja wa Mheshimiwa. Nilidhani dada atagombana, au angalau atamnunia mtu. Thubutu! Juzi nikamwona anapita mbele ya baraza yangu na mzigo wa majani mabichi kichwani, katoka kuyakata kule mtoni baada ya kazi. Nikaacha nguo ya mteja kwenye sindano, nikamfuata nikimfokea njia nzima. Unampelekea nani? Huna haya? Unamlishia mwizi?

"Wanampa mabua makavu," alisema bila kusimama. "Amekonda mbavu zinaonekana. Nitafanyaje, mdogo wangu?"

Tulipofika, mke wa Mheshimiwa alifungua geti kidogo tu, upana wa kutosha kutoa uso. Akautazama mzigo. "Weka hapo hapo nje, tutampa." Bibie alikuwa amesikia sauti ya dada, akaanza kulia huko nyuma ya ukuta, analia hanyamazi. Dada akatua mzigo chini, akaupanga vizuri usije ukatawanyika, akajipangusa shingo.

"Haya, asanteni," akasema, na geti likafungwa.