Majani ya Madam

Msinihurumie, nyinyi chekeni tu. Mimi nimechoka hata kujicheka.

Ijumaa madam alitutoa Jeddah tukapanda milima ya Taif. Njia nzima aliwaonyesha watoto miti iliyogeuka manjano na nyekundu. Mimi, mfanyakazi wao wa nyumbani, nilikuwa kiti cha nyuma na jiko la gesi miguuni. Nilikuwa nimepika tangu alfajiri, na macho yalikuwa yanajifunga yenyewe.

Tukasimama kwenye shamba la makomamanga.

"Njeri, tandika mkeka hapa," madam akasema. "Sisi tunaenda kuswali. Yalla, haraka!"

Nikatazama chini. Majani makavu kila mahali! Kwetu Nyeri, mgeni akikuta ua uko hivyo, mama hajui aweke uso wapi. Nikatoa ufagio niliobeba wa kupangusa mkeka. Nikafagia chini ya kila mti hadi ardhi ikabaki safi, nikayashindilia majani yote kwenye mfuko mkubwa wa taka. Ulikuwa laini kama godoro. Nikaukalia nipumzike kidogo, usingizi ukanibeba.

Nilipofumbua macho, watoto walikuwa wamesimama mbele yangu na makoti mapya, mikono mitupu. Madam alikuwa ameinua simu, tayari kuwapiga picha wakirusha majani. Alitazama chini, akatazama ufagio, kisha akanitazama mimi.

"Njeri," akauliza polepole, "majani yako wapi?"

Ili kumjibu, ilibidi kwanza niinuke.