Mchumba Wangu Kasahau Neno Moja, Anataka Niombe Radhi Mimi

Admin, jina langu lifiche, mengine yaache kama yalivyo. Mimi ni dada wa miaka 29, niko Tukuyu. Kuandika programu nimejifunza mwenyewe kwenye simu, miaka minne, huku nauza vocha stendi. Mchumba wangu ana digrii ya kompyuta, ni mwalimu wa sekondari hapa, kahamishiwa tu.

Wafugaji wa Lufingo walinipa kazi. Mtu akipeleka maziwa kituoni asubuhi, mfumo unamtumia meseji ya lita zake. Niliandika hivi: uliza kanzidata, jibu likirudi ndipo utume. Miezi saba haukukosea hata siku moja.

Mwalimu akaiona code yangu. "Mpenzi, huu mtindo wako wa callback ni wa kizamani, ngoja nikuwekee wa kisasa, unaitwa Promise." Nikamfungulia akaunti yake kwenye mfumo, nikampa password. Kosa langu ni hilo tu. Query, yaani lile swali kwa kanzidata, akaifunga vizuri ndani ya Promise, ila kwenye mstari wa kutuma akasahau kuandika await, yaani subiri jibu kwanza. Kesho yake wafugaji wote 64 wakapata: "Maziwa yako leo ni lita object Promise."

Wakauliza hilo neno, wakaambiwa maana yake ahadi. Saa nne kituo kimejaa. Bibi mmoja kanishika mkono: "Mwanangu, mmetuahidi nini? Ng'ombe?" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa wafugaji hakucheka. "Binti, unatutania sisi?"

Nikafungua laptop palepale, nikaongeza await. Meseji zikatoka upya, 64 kwa 64. Nikamgeukia mwalimu, aliyekuja nami, nikijua atasema kosa ni lake. Akasema: "Huyu bado anajifunza, mtamsamehe." Mbele ya watu wote!

Sasa mwenyekiti anataka barua ya kuomba radhi, la sivyo kazi anapewa mwingine. Mwalimu keshaichapa kwa jina langu. "Saini yaishe. Mimi nimeajiriwa, nikichafuka nimekwisha. Wewe una nini cha kupoteza?"

Nina jina, ndugu zangu! Na mama yangu naye: "Posa tumeshapokea, utamwaibishaje mwenzio?" Mbona mimi kuaibishwa hakumsumbui mtu?

Mfumo unaweka kumbukumbu ya nani kabadilisha nini na saa ngapi. Nimezichapa, kurasa tatu. Jumamosi kwenye kikao cha wafugaji namkabidhi mwenyekiti hizo, si barua.

Kusaini sisaini, hilo msinishauri. Nishaurini hili: posa irudishwe kabla ya kikao, au nimwache aje akae mbele, asikie zikisomwa?