Mke Aliyeshuka Menengai Kumtafuta Mumewe

Kabla sijaolewa niliwahi kuwa mjane kwa siku moja, na marehemu wangu nikamtoa kuzimu kwa mkono wangu mwenyewe. Watu wa landhi za reli pale Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi, waliniona nikifanya hivyo kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Nimepewa sifa nyingine maishani, lakini hakuna inayonipendeza kama ile.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nashona nguo nyumbani kwa cherehani ya mkono. Baba alikuwa fundi wa boila katika karakana ya injini. Mama tulikuwa tumemzika miaka mitatu nyuma, na tangu hapo tulibaki sisi wawili tu katika kile chumba kimoja cha landhi.

Stesheni kulikuwa na karani wa tikiti, kijana wa Kihindi mzaliwa wa palepale Nakuru, ambaye shemeji yake alimletea kamera ya sinema. Ilikuwa ndogo kama mkate, ya kujazwa kwa ufunguo kama saa, na haikunasa sauti. Karani akaandika hadithi kwenye daftari: mke amekufa, mumewe anamfuata kuzimu, anapambana na mashetani na kumrudisha nyumbani. Alitaka watu waogope na wacheke kwa pamoja. Mume angekuwa mpiga bendera mmoja wa reli, mrefu, aliyeimba kwaya nasi kanisani. Mke ningekuwa mimi.

Baba aliposikia kuwa nitalala ndani ya jeneza, aliweka kikombe chake chini.

"Mimi nasema hapana."

"Ni mchezo tu, Mzee," Karani akamwambia. "Ni sanduku la vipuri, tumelipaka rangi."

"Mama yake nililaza mimi mwenyewe ndani ya sanduku. Huyu sitalaza, hata kwa mchezo."

Karani akapekua daftari lake mbele, akapekua nyuma. Halafu akamgeukia mpiga bendera. "Basi, kufa wewe."

Mpiga bendera alikubali upesi, maana kufa kulikuwa kazi ya kulala. Hivyo ndivyo mimi nilivyoachiwa safari ya kuzimu.

Nilishona mavazi ya mashetani sita kwa magunia ya ngano yaliyotoka Rongai. Mashetani wenyewe walikuwa wafanyakazi wa karakana, wamejipaka unga usoni. Jumamosi tulipanda mlima wa Menengai kwa miguu, maana Karani alisema moshi wa kuzimu unapatikana kule bure. Wenyeji walikwepa bonde la volkano lililo juu yake. Walisema kuna pepo wanaolima ndani yake. Wakati ule wa hali ya hatari ya serikali ya kikoloni hukuweza kutembea kundi zima bila kuulizwa, na kweli askari alitusimamisha njiani. "Vipande!" akasema kwa ukali, akitaka vitambulisho vyetu. Mashetani wote sita wakainua magunia yao na kupekua mifuko ya suruali. Askari alisoma vipande viwili, akaangalia zile nyuso nyeupe, akashindwa kuendelea. Alicheka mpaka akalazimika kuegemea mti.

Baba hakuwa ameitwa, lakini alikuja. Alitufuata na ovaroli yake na spana kubwa begani, asiseme neno na mtu. Tulipofika ukingoni na Karani kunionyesha kijia cha kushukia kwenye mvuke, Baba akapita mbele yangu akaziba njia.

"Hushuki huko."

"Baba, nipishe. Watu wananingoja."

"Wakingoja, wangoje."

Sikujua kwamba Karani alikuwa ameshaiwasha kamera. Nilimsihi Baba, nikamkasirikia, nikashika ile spana nikaivuta naye akaivuta. Mwishowe nikamwambia neno ambalo sikulipanga. "Mama angekuwa huko chini, ungekubali mtu akuzuie hivi?"

Alitazama chini kwenye mvuke. Kisha akashusha spana, akasogea kando, akanishika kiwiko nisiteleze kwenye mawe. Nikashuka. Mvuke ulikuwa wa moto kuliko nilivyodhani. Nilimkuta mpiga bendera amelala kati ya mashetani, nikamkamata kwapani nikamburuta hadi juu. Maiti alikuwa mzito, na alilalamika njia nzima kuhusu miiba.

Mkanda ulipelekwa ng'ambo kusafishwa, ukarudi baada ya wiki nyingi. Tuliuonyesha Jumapili alasiri katika holi ya landhi, madirisha yakiwa yamezibwa kwa blanketi. Kwa kuwa sinema ilikuwa bubu, nilisimama kando ya shuka nikasema sauti za wote: yangu, za mashetani, hata mikoromo ya marehemu. Watoto walijificha chini ya mabenchi mashetani walipotokea, na mama zao wakacheka hadi machozi.

Alipotokea Baba na spana yake, kicheko kilikatika. Alitisha kuliko mashetani wote sita. Maneno yetu ya kweli sikuweza kuyasema mbele ya watu, kwa hiyo nikamsemea kwa sauti nzito, "Mimi bawabu wa kuzimu! Kipande chako kiko wapi?"

Watu walipiga kelele mpaka nikadhani paa litang'oka. Walirusha kofia. Karani alilazimika kusimamisha mashine, kurudisha mkanda na kuonyesha sehemu hiyo tena, na mara ya pili umati mzima ulisema na mimi.

Mwangaza uliporudi, Baba alikuwa amesimama katikati ya holi. Akanielekezea kidole, akamwambia jirani yake kwa sauti iliyofika kila pembe, "Huyo ni mtoto yangu. Mimi nilimzuia, akapita."

Tuliionyesha Rongai, kisha Dundori, mara mbili. Kila safari Baba alivaa tai. Karani alipohama Nakuru alitukatia vipande viwili vya mkanda. Kimoja kiliozeshwa na unyevu, kingine ninacho. Ukikiinua dirishani unaona watu wadogo kuliko punje ya mchele: mzee anasogea kando, na msichana ananyoosha mguu wa kwanza kushuka.