Kitambaa Chekundu, Protini ya Kijani

Ukitaka kujua protini fulani inakaa wapi ndani ya seli iliyo hai, unaiunganisha na nyingine inayong'aa kijani, kisha unaifuata kwa hadubini. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha, na sijawahi kuiamini.

Juzi mwanafunzi wangu aliniita. "Mwalimu, njoo uone. Iko kwenye kiini."

Kweli, kiini kiling'aa. Nikamuuliza, "Imekwenda yenyewe, au hicho ulichoifungia ndicho kilichoisukuma?" Akanuna. Nadhani alifikiri namwonea wivu.

Miaka ya wakimbizi, nilipokuwa mtoto nyumbani kwetu Kasingirima, kando ya ziwa, kuku wetu walikuwa wanapotea. Jirani yetu alikuwa mama aliyevuka ziwa kutoka Kongo, akapanga chumba badala ya kukaa kambini, jambo lililokatazwa. Mama yangu alimshuku. Mimi nilimshuku zaidi. Nikachana kipande cha khanga nyekundu, nikamfunga kuku mmoja mguuni, kama tulivyozoea kuwatia alama, nikakaa dirishani kuvizia. Siku ya pili nikamwona kuku huyo amelala jikoni kwa jirani, kando ya mafiga. Nilikimbia kumwita mama.

"Mama, hii kuku inakuyaga yenyewe," jirani alijitetea. "Zile zingine zinaidonoa."

"Mwizi hakosi maneno," mama alisema, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Kesho yake asubuhi gari lilikuja kumpeleka jirani kambini. Alipakia sufuria mbili na godoro. Alitukabidhi kuku wetu mkononi.

Nilimrudisha bandani. Wenzake wakakivamia kile kitambaa, wakakidonoa mpaka mguu ukatoka damu. Akachomoka, akakimbia moja kwa moja hadi mlango wa jirani, akakuta kufuli. Nilimfuata, nikakifungua kitambaa. Tangu siku hiyo hakwenda tena kule. Wiki iliyofuata akapotea kuku mwingine. Niliona aibu, na mama sikumwambia kitu.

Basi nilimwagiza mwanafunzi aifunge ile ya kijani kwenye ncha ya pili ya protini, aangalie upya. Protini ikaonekana pembeni, kwenye utando wa seli. Kwenye kiini haikuwamo.

"Sasa ipi ya kweli?" akauliza.

Nikamjibu kwamba sijui bado, na kwamba asipeleke taarifa popote. Mimi niliwahi kupeleka.