Geti Lililokua Kila Nikilipima

Aibu hii ni yangu mwenyewe, sikusingiziwa na mtu, kwa hiyo naisimulia kama ilivyo. Ila mniache nianzie mbali kidogo, kwa mpiga picha mmoja aliyekuwaga Temeke zamani hizo, mie mtoto wa kuvaa kaptula ya kaka, baba katubeba familia nzima tukapige picha moja ya ukumbusho, na yeye baba kaazima koti la jirani ambalo mikono yake ilimfika kwenye kucha (jirani alikuwa mrefu, Mungu amrehemu, na koti lile liliazimwa na mtaa mzima mpaka yeye mwenyewe akawa analipangia foleni). Ukutani mpiga picha katundika shuka kubwa limechorwa nyumba ya ghorofa, ina bustani, ina mlango wa kijani wenye kitasa cha njano, basi wakati wakubwa wanapangwa nani akae nani asimame, mie nikaenda kushika kile kitasa niingie ndani nikaone, shuka likashuka na misumari yake, likamfunika shangazi gubigubi. Baba akanizaba kibao. "Picha haiguswi, mwehu wee!"

Nikashika hivyo, picha haiguswi. Shule yenyewe niliishia darasa la nne, kwa hiyo machache niliyofundishwa niliyashika kwelikweli.

Nikakua, nikajifunza kuchomelea vyuma, nikahamia Madale wakati Madale bado vichaka, na mageti mengi mnayoyaona mkipita vile vilima mpaka kule Wazo nimeyachomelea mie. Dada yangu alipofariki akaniachia binti yake, Rehema, nikamlea, akasoma mpaka chuo mambo ya kompyuta, akarudi na cheti, akakaa nyumbani miaka mitatu anabonyeza tu. Majirani wakawa wananiuliza, "Mzee Kondo, huyo binti yako atachezea simu mpaka lini?" Mie najibu yuko kazini, huku moyoni nami nauliza hilohilo.

Kumbe alikuwa anatengeneza picha za kuguswa! Akanieleza siku moja tunakula: mteja anapiga picha ya nyumba yake kwa simu, anachagua geti, analivuta kwa kidole kimoja mpaka linakaa kati ya nguzo, akiweka vidole viwili akavitanua, picha inakua, akivibana, inarudi, akivizungusha, geti nalo linazunguka, akigonga nondo mara moja, inabadilika rangi. Akasema kuchora geti siyo shida, shida ni kuifanya ile picha ijue kidole kilichoigusa kinataka nini, kusogeza au kukuza, maana kidole hakisemi.

"Hata mteja mwenyewe hasemagi anataka nini," nikamwambia. "Utazoea."

Akalipeleka wazo lake kwa Bwana Nassoro, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi kule Bunju, Mwarabu wa siku nyingi, babu yake aliuza misumari, baba yake aliuza misumari, na yeye anauza misumari mpaka leo. Bwana Nassoro akaipenda kazi, lakini akatoa sharti. Wateja wake wengi watu wazima, kwa hiyo aletewe mzee mmoja asiyejua mambo haya, afundishwe siku mbili tu, halafu aje afanye mbele yake. Akiweza, Rehema anapewa kazi ya maduka yake yote. Akishindwa, wasisumbuane tena.

Mzee wa kupelekwa ndiyo mie. Rehema akaniachia kishikwambi chake siku mbili (ni kama simu, ila upana wake sahani ya pilau) pamoja na karatasi kaandika maelekezo. Sasa hapa ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo. Nikakitazama kile kioo, nikavitazama vidole vyangu hivi vilivyoungua miaka yote, nikakifunga kwenye shuka nikakisukumia kabatini. Niliogopa kukivunja, ndiyo, lakini huo ni ukweli nusu. Nusu nyingine niliogopa mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika kijiko aje anikute nimeshindwa.

Siku ya pili akaniuliza, "Mjomba, umefanya mazoezi?"

"Nimefanya mpaka nimechoka. Mageti ya chuma yasinishinde, linishinde la kioo?"

Akacheka kwa furaha, akampigia Bwana Nassoro palepale kumwambia mjomba yuko tayari. Laiti ningemnyang'anya ile simu!

Kesho yake asubuhi tukafika Bunju, mie kanzu imepigwa pasi, kofia ya kufuma kichwani, utadhani naenda kuposa. Dukani wateja tele, na ukutani pana runinga kubwa, Rehema akaiunganisha na kishikwambi ili ninachokigusa mie wakione wote. Na nani kasimama mbele kabisa? Maganga! Fundi mwenzangu, Mnyamwezi, na mie Mzaramo, yaani mtani wangu kabisa, mtu aliyewahi kuja msibani kwetu akalala kwenye jeneza tupu akagoma kutoka mpaka apewe kuku.

"Shikamoo mzee," akasema Bwana Nassoro.

"Marahaba."

"Karibu. Hiyo ni picha ya nyumba yangu. Niwekee hilo geti lililo pembeni."

Nikakaa. Sasa fundi yeyote wa vyuma anajua, mkono wa kushoto unakandamiza, wa kulia unafanya kazi, usipokandamiza chuma kitakuruka. Basi gumba langu la kushoto likaenda lenyewe, likakandamiza pembeni mwa kioo likatulia hapo. Na fundi haweki geti bila kupima, na tepu sikuja nayo, nikapima kwa shubiri ya mkono wa kulia: gumba kwenye nguzo, kidole kidogo kikanyooka kwenda nguzo ya pili. Kabla hakijafika, nyumba ikavimba, na geti nalo! Nikapima upya, ikavimba tena, nguzo ya pili ikatoka kabisa nje ya kioo, na kwenye runinga ukabaki ukuta, kipande cha geti na dirisha moja la choo, kubwa kama la msikiti.

"Bwana Nassoro," nikasema kwa sauti ya kifundi, "hapa hapafungiki geti. Nguzo zako zinatembea."

Duka zima likacheka. Maganga akapaza sauti, "Mtani, umelimwagia mbolea gani hilo geti? Nikamwagie mihogo yangu!"

Nikaibana nyumba kwa vidole mpaka ikarudi, nikaona hapa lazima nioneshe ufundi. Nikalivuta geti kwa nguvu, gumba la kushoto bado limekandamiza, geti likapinduka miguu juu. Nikalirudisha, likalala chali juu ya paa. Jasho likaanza kunitoka, kioo kikalowa, nikakifuta kwa mkono wa kanzu, na kule kufuta kukawa ni kugusa, mara geti kijani, mara jekundu, mara limekuwa dogo kama kibiriti limekwama mlangoni.

"Mzaramo ngoma ungeiweza," Maganga akasema. "Vyuma ulidandia tu."

Wakati huo Bwana Nassoro alikuwa ameacha kucheka. Akamgeukia Rehema taratibu. "Binti, huyu si umeniambia kajifunza siku mbili nzima?"

"Ndiyo, Bwana Nassoro."

"Sasa kama aliyejifunza siku mbili yuko hivi, wateja wangu itakuwaje? Nashukuru kwa juhudi yako. Chukua vitu vyako."

 Rehema akaanza kukunja waya wake, polepole, kaangalia chini, na mie nikaona miaka mitatu ya yule mtoto inakunjwa pamoja na ule waya. Angeweza kusema mzee wangu ndivyo alivyo, haelewi. Hakusema. Basi ulimi wangu ukafunguka.

"Sikujifunza," nikasema. "Hata dakika moja. Nilikifunga kwenye shuka nikakiweka kabatini, nikamdanganya mtoto. Kazi yake nzuri. Mwongo ni mie."

Watu wote wakanigeukia, Maganga naye. 

Rehema akanitazama. Mie nilikuwa najiandaa kwa maneno makali, ningeyastahili yote. Yeye akauchomeka waya tena, akairudisha picha ilivyokuwa mwanzo, akainama sikioni kwangu, akasema kwa sauti ileile ya kuniitia chakula, "Mjomba, inua gumba la kushoto. Hilo tu."

Nikainua. Nikalivuta geti kwa kidole kimoja, polepole, likaja. Likakaa kati ya nguzo, sawasawa, kama limechomelewa. Nikagonga nondo, likawa jeusi.

"Tena," akasema Bwana Nassoro.

Nikafanya tena. Akajikuna ndevu. "Binti, wazee wangu wote watakandamiza hapo pembeni. Unaweza kufanya picha isilijali hilo gumba?"

"Naweza. Nilikuwa sijui kama watu wanashika hivyo."

"Fanya hivyo, Jumatatu uje uanze kazi."

Jumatatu akaenda, na anaenda mpaka leo, na majirani sasa wananiuliza kama atawasaidia watoto wao. Mie kila nikimwona anafunga mlango asubuhi namshukuru Mungu, halafu namshukuru yeye, maana mbele ya kadamnasi ile alikuwa na haki ya kuniacha nizame, akaniambia niinue gumba. Na nimeapa, sitasema najua nisichokijua, hata nikiulizwa na mtoto wa chekechea.

Ila siku ile, watu walipoanza kumpongeza Rehema, Maganga akarudi kwenye utani wake. "Jamani, mpisheni Mzee Geti Linakua! Pisheni asije akatukanyaga!" Duka likaripuka, mpaka Bwana Nassoro akashika tumbo. Nami nikasimama, sikuaga, nikapita katikati ya mifuko ya saruji, nikatoka mlangoni, nikaishika Barabara ya Bagamoyo kwa miguu, kofia nimeisahau mezani. Bwana Nassoro kanitumia salamu mara nyingi niifuate. Sijarudi.