Dada Aikande Alinisomea, Nami Nikachukua Nafasi Yake

Hapana jamani. Nimepigiwa simu jana asubuhi na mpaka sasa nakataa. Dada yangu Aikande hayupo tena.

Naandika kwa kidole kimoja. Mtanisamehe makosa.

Wengi mnanijua mimi, mwalimu mstaafu. Yeye hammjui. Ndiyo maana naandika.

Tulizaliwa Old Moshi, enzi za Mwingereza. Alinipita miaka saba. Alipomaliza darasa la pili Baba akamtoa shule, kwa sababu Mama alikuwa mgonjwa na ng'ombe walihitaji mtu wa kuwakatia majani. Alirudi nyumbani na kitabu kimoja tu cha kusomea, kimeng'oka jalada.

Kila jioni, ndizi zikiwa jikoni, alinipakata akanisomea. Nilikuwa sijatimiza hata miaka mitatu!

Kitabu kikiisha, anaanza upya. Tukikichoka, anasoma kipande cha gazeti kilichofungia sukari. Tangazo la sabuni alilisoma kwa sauti ya mchungaji wetu, nacheka mpaka napaliwa.

Baba alimshangaa. "Unamsomea mtoto asiyejua hata kujifuta kamasi? Anaelewa nini?"

"Anaelewa, Baba. Nikiruka neno ananikatalia."

Kweli nilikuwa namkatalia. Kidole chake kilitembea chini ya mstari, macho yangu yakakifuata, mpaka siku moja nikasoma maneno ambayo yeye alikuwa hajayafikia. Alinibeba akanizungusha migombani huku analia.

Na hapo ndipo nilipomharibia maisha.

Mama alipopata nafuu, mwalimu wa zamani wa Aikande alikuja nyumbani kumwombea arudi shule.  Baba akasema anaweza kumpeleka shule mtoto mmoja tu, mwingine abaki na ng'ombe.

"Mwalimu, chukua huyu mdogo. Huyu anasoma tayari."

Aikande alikuwa amesimama mlangoni, mzigo wa majani kichwani. Hakuutua. 

Mimi nilipiga makofi. Mungu wangu, nilipiga makofi kwa furaha!

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hakukanyaga tena darasani.

Jioni ile nilidhani hatanisomea. Alinisomea. Sauti ilikuwa inakatika, anarudia mstari, inakatika tena.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne. Watoto waliosomewa nyumbani nilikuwa nawajua wiki ya kwanza tu. Wanasikiliza, wanauliza, hawakiogopi kitabu. Wazazi mnaopita hapa, wasomeeni wanenu, hata huyo asiyejua kuongea bado. Msingoje shule. Nawaombeni.

Kila nilipomwona mtoto wa namna hiyo nilimkumbuka Aikande, nikajiambia likizo hii nitamwambia. Zikaja ripoti, mitihani, vikao vya ofisini. Nikastaafu. Bado nikawa nasema nitamwambia.

Sikuwahi kumwomba msamaha. Hata mara moja.

Nilipanga kwenda kwake kesho, Jumamosi. Nilishakata jani la isale, maana kwetu Wachagga msamaha mzito hauombwi bila kulishika jani hilo. Yeye akaondoka Alhamisi. Jani liko hapa mezani, linanyauka. Nimpe nani?

Msiniambie ni mipango ya Mungu. Leo sitaki kusikia hivyo. Siku mbili tu! Angenisubiri siku mbili tu, baada ya miaka yote hii.

Aikande, dada yangu, sina la kujitetea. Shule ile ilikuwa yako. Hukuninunia hata siku moja, nami nikangoja mpaka ukawa hunisikii.

Lala, dada. Lala kwa amani. Mimi sijui nitalala vipi.